Anayekaa Kushoto

Clem Rowett alitandaza ramani juu ya meza ya jikoni, akaibana pembe moja kwa chupa ya sosi, ya pili kwa birika, ya tatu kwa kopo la biskuti. Pembe ya nne ikawa inajikunja. Hiyo ilikuwa pembe ya Dulcie. Miaka yote mkewe aliilazia kiwiko, kikombe cha chai mkono wa pili, akisema, "Haya dereva, mwaka huu tunaelekea wapi?" kana kwamba hawakuwa wakielekea kulekule walikokwenda kila mwaka. Clem akaweka kiwiko chake mwenyewe, lakini hapo mkono wa kushika kalamu ukakosa nafasi. Akatukana kidogo, akainuka kutafuta kitu kizito.

Jamani, mtu anaweza kukaa na mke zaidi ya miaka hamsini, asijue ni kazi ngapi ndogondogo ambazo mwenzake anamfanyia bila hata kuhema. Siku hayupo ndipo ramani inapojikunja.

Kipupwe kilikuwa kimeingia pale Quorn, mji mdogo ukingoni mwa jangwa, na wazee wa mji ule hukipokea kipupwe kama watoto wanavyopokea likizo. Joto la kuchemsha ubongo limekwisha, nzi wamepungua, na kila nyumba yenye gari la kulalia uani utasikia nyundo, utasikia redio, utasikia mume na mke wakibishana kuhusu matairi. Kisha siku moja uani hapana gari, na majirani wanajua: hao wamekwenda bara, kwenye barabara za udongo, watarudi wakirudi.

Gari la akina Rowett lilikuwa na kitanda, jiko la gesi na kisinki cha kunawia uso. Waliliita Bi Harusi, kwa kuwa siku lilipoletwa lilikuwa jeupe pe. Wiki hiyohiyo wakalipeleka kwenye udongo, likarudi jekundu kama tofali, na tangu hapo hakuna sabuni iliyoliweza. Vumbi lilikuwa ndani ya mito, ndani ya sukari, ndani ya kurunzi. Dulcie alikuwa akisema siku akifa wasihangaike kumfukia, udongo anao wa kutosha masikioni.

Alifariki Oktoba iliyopita, na walimfukia vilevile.

Clem alirudi na nyundo, akaikalisha kwenye pembe ya nne. Sasa akaweza kuvuta mstari wake. Kutoka Quorn kwenda kaskazini hadi Marree, ambako lami inakufa. Kutoka hapo kufuata njia ya reli ya zamani, mawe na changarawe, matuta madogomadogo yanayotetemesha gari hadi meno yanagongana. Halafu, kabla ya William Creek, kuacha barabara kuu na kuingia ranchi ya ng'ombe ya Nankervis, lango baada ya lango, mpaka kwenye bwawa lao.

Hapa Clem aliinua kalamu. Alilijua bwawa lile likiwa limekauka, likiwa na tope, likiwa na maji ya kuogea miguu. Lakini Dulcie alikuwa na hamu moja tu maishani, au ndivyo alivyokuwa akimwambia kila mtu: kuliona limejaa, na ndege wari wametua, wale wakubwa wenye mfuko chini ya mdomo. Waliwahi kutua mara moja tu, wakati yeye na Clem wamelala na homa nyumbani Quorn. Tangu hapo kila mwaka alikuwa akifika, anashuka, anasimama ukingoni na mikono kiunoni, anasema, "Basi mwakani." Hata mwaka jana, kitandani hospitali, miguu imevimba, alimwambia Clem alete ramani. Wakaitandaza juu ya blanketi. "Mwakani, Clem. Mwakani watakuja, utaona."

Na wiki iliyopita Nankervis mwenyewe alipiga simu. "Clem, maji yameteremka kutoka kaskazini. Bwawa lenu limejaa pomoni. Wari hawahesabiki, rafiki yangu, wanapiga kelele kama kilabu cha pombe."

Clem alisimama na simu mkononi mpaka ikaanza kulia yenyewe. Ilimuuma, hilo tuliseme wazi. Ilimuuma kama mtu aliyealikwa karamuni peke yake. Na palepale akakata shauri kwenda, kwa sababu ifikapo Desemba bwawa litakuwa tope lililopasuka, na yeye kipupwe kijacho atakuwa na miaka themanini na goti lake hili. Kama si sasa, basi tena.

"Baba, unafanya nini?"

Alikuwa Raelene, binti yake pekee, anaingia na mfuko wa nyama na mikate. Raelene alikuwa dereva wa basi la shule. Alikuwa na sauti ya kunyamazisha viti vya nyuma bila kugeuka.

"Nafua nguo," alisema Clem. "Huoni?"

"Naona ramani, naona nyundo juu ya ramani, na nimeona Bi Harusi ameinuliwa kwa jeki huko nje. Nani anakwenda naye?"

"Mimi."

"Na nani?"

"Mimi na goti langu."

Raelene akaweka mfuko chini polepole, na Clem akajua sasa imeanza. "Baba, watu wanafia kule."

"Wanaofia kule ni wajinga wanaoacha gari likiharibika, wakaenda kutafuta msaada kwa miguu. Mimi nimekuambia toka unanyonya: gari likifa, kaa kwenye gari. Nina maji ya kutosha ng'ombe. Nina matairi mawili ya akiba. Nina ile simu ya setilaiti ya jirani yetu Noske, ameniazima. Nikifika kwenye changarawe napunguza upepo wa matairi, mvua ikinyesha nasimama palepale nacheza karata mpaka njia ikauke. Unanifundisha nini wewe?"

"Utacheza karata na nani?"

Clem akaitazama pembe ya nne. Kulikuwa na mwaka walikwama Marree kwa mvua, barabara imefungwa mbele na nyuma, udongo umekuwa uji. Dulcie alimpiga karata kutwa kucha, na sharti lilikuwa aliyeshindwa anaosha vyombo. Mpaka njia ilipofunguliwa Clem alikuwa na mikono kama ya mpishi wa jeshi. Walikula mkate uliookwa kwenye majivu, na jemu, na chai ya kwenye kopo iliyonuka moshi, na alikuwa hajapata kufurahi vile tena mahali popote penye hoteli.

"Niendeshe mimi basi," Raelene alisema, sauti imepungua. "Likizo ya shule ni Julai. Tutakwenda wote."

"Wewe?" Clem akacheka. "Kovu la ubavuni mwa Bi Harusi nani kaliweka?"

"Baba! Nilikuwa na miaka kumi na minane!"

"Na nguzo ya lango ilikuwa na miaka mia, haikukurukia."

"Nimebeba watoto wa watu miaka ishirini sijagusa hata kichaka!"

"Basi la shule si Bi Harusi." Hapo ndipo alipofikia kila mara, na hapo ndipo Raelene aliponyamaza kila mara. Hakuna aliyewahi kushika usukani ule tangu siku ya nguzo, hata Dulcie.

Lakini safari hii Raelene hakunyamaza. Alivuta kiti, akakaa mbele yake. "Sikiliza, mzee. Kuna kijana wa Port Augusta anataka kumnunua Bi Harusi. Kila siku ananisumbua. Sasa tufanye hivi. Jumamosi tunakwenda shambani kwa Noske, kuna mchanga, kuna mkondo wa mto, kuna mawe, kuna malango, kila kitu. Unaendesha. Mimi nitakaa tu, jifanye sipo, uko peke yako jangwani. Ukimaliza mzunguko wote mwenyewe, unakwenda kwa wari wako na mimi nafunga mdomo."

"Wewe kufunga mdomo? Hiyo nitalipa kiingilio niione."

"Ukishindwa jambo hata moja, namwita kijana wa Port Augusta."

Clem alimtazama binti yake. Kidevu kilikuwa cha Dulcie kabisa, na kidevu kile alikuwa hajawahi kukishinda. Akatema mate kiganjani kama mfanyabiashara wa kondoo, akampa mkono. "Jumamosi," alisema. "Mwambie kijana wako atafute baiskeli."

Siku ile ya Jumamosi Clem alikuwa na raha ambayo hakuwa nayo tangu Oktoba. Walipoacha lami kwenye geti kubwa la Noske, ambalo jirani huyo alikuwa ameliacha wazi kwa ajili yao, alishuka mwenyewe, akapiga magoti (goti likalia), akapunguza upepo tairi moja moja, akisikiliza mlio wake kama mtu anayesikiliza mapigo ya moyo. Kisha akaingia mchangani. Lo! Mzee alikuwa anajua. Hakukanyaga breki hovyo, hakukata kona hovyo. Alimwacha Bi Harusi aelee, akimshika kwa vidole tu. Kwenye mkondo wa mto alisimama kwanza, akashuka, akaupima kwa fimbo, akapita bila kurusha maji. Kwenye mawe alipanda kama anayepanda ngazi za kanisa.

Alijua Raelene anamtazama. Alianza kupiga mluzi.

Na harufu ya vumbi ikaingia. Harufu ile, nakwambia, ina mambo. Ikaleta mkoba wa Dulcie wa machungwa, ikaleta kofia yake ya majani iliyoliwa na mbuzi pale Farina, ikaleta sauti yake akisoma vibao kwa kejeli, akipungia kila dereva waliyepishana naye wakati Clem akiinua kidole kimoja tu kutoka kwenye usukani, kama wanaume wote wa kule. "Kidole kimoja!" alikuwa akimwambia. "Kuna kodi kwenye vingine?" Clem aliendesha, na kumbukumbu hizo hakuzizuia. Zilikuwa tamu. Alisahau mtihani, alisahau Port Augusta. Alikuwa njiani na Bi Harusi, upande wa kushoto kuna mtu amekaa kimya, jua liko mgongoni, na yote yalikuwa kama zamani.

Mbele pakatokea lango.

Clem alipunguza mwendo, akasimama mahali pazuri kabisa, si karibu mno, si mbali. Akaacha injini inaunguruma. Macho mbele, vidole vikipiga ngoma juu ya usukani. Akasubiri.

Akasubiri.

"Haya Dulcie," alisema, kwa ile sauti ya utani aliyoitumia kwenye kila lango la nchi ile, "harakisha mama, chai inapoa."

Upande wa kushoto hapana aliyefungua mlango.

Vidole vikaacha ngoma. Hakugeuka. Aliliangalia lango, na lango likawa linayeyuka, kwa sababu macho yalikuwa yamejaa maji na hakuwa na pa kuyapeleka. Kando yake Raelene alikaa mikono mapajani, kama walivyopatana: hayupo.

Sheria za kule ni mbili, na hata mlevi anazijua. Lango unaliacha kama ulivyolikuta: lilikuwa limefungwa, lifunge, lilikuwa wazi, usiliguse. Na anayekaa kushoto ndiye anayeshuka. Dereva hashuki. Sasa hapa palikuwa na dereva, na kushoto pa Bi Harusi, kwa masharti waliyopeana mkono, palikuwa patupu.

"Nilijua," Clem alisema kwa sauti kavu. "Nilikuwa napumzisha injini."

Akashuka.

Lango lenyewe halikuwa la bawaba. Lilikuwa la nyaya, zile nyaya kadhaa zilizofungwa kwenye vijiti, zimevutwa kwa nguvu mpaka kwenye nguzo, na kijiti cha mwisho kimeshikiliwa hapo kwa kitanzi cha waya. Kwa kulitazama tu, si kazi. Clem alishika kitanzi, akavuta juu. Hakikusogea. Akashika kijiti, akasukuma. Nyaya zikalia, kijiti kikarudi na kumpiga kifundoni. Akatukana. Akajaribu kwa bega, akajaribu kwa goti zima, akajaribu kwa goti bovu, akarudi akachukua spana, akaliangalia lango, akairudisha spana. Kondoo wawili wa Noske walisogea kutazama. Kofia ikaanguka, akaikanyaga mwenyewe.

Mwisho alisimama, ameshika nguzo, anahema.

Mlango wa kushoto ukafunguka. Raelene akaja taratibu, akaokota kofia, akaikung'uta.

"Baba. Hujawahi kufungua lango la waya?"

"Nilikuwa naendesha."

"Miaka hamsini?"

"Nilikuwa naendesha, Rae!" Sauti ilimkatika. "Yeye alikuwa anashuka tu. Anashuka, lango linafunguka. Sikujua... nilidhani ni jepesi. Alikuwa anashuka tu."

Aliyakumbuka yote sasa, malango yote, na katika kila moja alimwona Dulcie kwenye kioo, kile kidogo cha upande: kofia, vumbi, sketi imeshikwa na upepo. Na alijikumbuka mwenyewe, kijana mjinga, akipita langoni halafu akisogeza gari mbele kidogo zaidi, ili tu amwone akikimbia. Dulcie alikuwa akikimbia huku akimtolea ngumi na kucheka. Angalau kwenye kioo ilionekana anacheka.

"Alinifundisha nikiwa na miaka kumi," Raelene alisema. "Wewe ulikuwa ndani unasoma gazeti. Angalia. Usilivute, hilo ndilo kosa. Pitisha mkono nyuma ya nguzo, hivi. Bega kwenye kijiti. Alisema ulikumbatie kama shangazi mwenye ndevu: haraka, kwa nguvu, na usivute pumzi." Akakumbatia. Kijiti kikasogea, kitanzi kikatoka kana kwamba kimepakwa siagi, lango zima likalala mikononi mwake, akalikokota pembeni. "Haya, pita."

Clem alipanda, akapita. Safari hii alisimama palepale, mkia wa gari karibu uguse nyaya, asije mtu akakimbia. Kwenye kioo alimwona binti yake, kidevu kilekile, akilikokota lango, akilikumbatia, akilifunga. Kisha akaja ubavuni mwa Bi Harusi na kuupiga kiganja mara mbili. Pa, pa.

Ilikuwa alama ya Dulcie hiyo. Nimefunga, twende. Raelene huenda hakujua hata amefanya nini. Mkono ulijua wenyewe. Lakini Clem alizima injini, akalaza paji la uso juu ya usukani, akalia vile ambavyo hakulia makaburini.

Raelene alimsubiri nje. Alikuwa na akili ya kutosha kumsubiri.

Hatimaye mzee akajifuta kwa mkono wa shati. "Nimeshindwa," alisema kupitia dirishani.

"Umeshindwa," Raelene alikubali, lakini hakuonekana mshindi. "Baba, mimi sitaki kumpigia yule kijana. Ila sasa nifanye nini? Kwa Nankervis kuna malango mangapi?"

"Mengi. Dulcie ndiye alikuwa anayajua." Akautazama usukani, mahali palipong'aa kwa mikono yake. Kisha akafungua mlango, akashuka, akazunguka mbele ya gari akichechemea, akasimama mbele ya binti yake upande wa kushoto.

"Sogea," alisema.

"Niende wapi?"

"Kule."

"Kule wapi?"

"Kwa dereva, wewe mtoto, kuna viti vingapi? Jizoeze mpaka Julai, na ukigusa nguzo, utarudi Quorn kwa miguu."

Raelene alimtazama kama anayeogopa kuwa anataniwa. Kisha akazunguka mbio, mama mzima, akapanda, akarekebisha kioo. Clem akapanda kushoto. Kiti kile kilikuwa kimebonyea kwa umbo la mtu mwingine, akalazimika kujisogeza kidogo ili kimkubali. Na alipotazama nje aliona kitu cha ajabu: aliona nchi. Alikuwa hajawahi kuiona kutoka hapa. Dereva huona njia tu. Kushoto kulikuwa na kilima cha zambarau, kulikuwa na kangaruu amekaa kivulini anajikuna, kulikuwa na miti mirefu kando ya mkondo. Dulcie alikuwa akimwonyesha mambo haya yote, "Tazama, Clem, tazama," naye akisema, "Nimeona," bila kugeuza shingo.

"Tazama kangaruu yule," alimwambia Raelene.

"Nimeona," Raelene alisema, macho njiani.

Shamba la Noske lina malango zaidi. La kwanza lilimchukua Clem muda mrefu hata kondoo wakachoka kutazama. Shati lilichanika, bega likachubuka, lakini alikumbatia, akabana pumzi, na kitanzi kikatoka. Clem alipiga kelele kama mtu aliyefunga bao. Akalikokota lango pembeni. Bi Harusi akapita katikati ya nguzo mbili, bila kugusa hata moja.

Alipoinama kulifunga alisikia gari likisogea mbele. Likasimama. Likasogea tena, mbele kidogo zaidi. Kichwa cha Raelene kikatokeza dirishani.

"Harakisha mzee," alipaza sauti, "chai inapoa!"

Clem akafunga lango. Akavaa kofia yake iliyokanyagwa, akamtolea binti yake ngumi, akakimbia, kama goti lilivyomruhusu, ndani ya vumbi jekundu, anatukana, analia, anacheka. Alipolifikia gari, kabla hajapanda kushoto, aliupiga ubavu wa Bi Harusi mara mbili.